Nani Anakaa Katika Nyumba Ile?

Kijana, usiitupe karatasi hii! Umepewa bure, basi isome bure. Labda uko stendi ya Kasulu unasubiri gari lijae. Labda umekaa kijiweni Kibondo na wenzako mnapiga soga. Haitakuchukua robo saa. Hata kama hujawahi kukanyaga kanisani, soma tu. Swali lililomo humu linakuhusu wewe kama linavyomhusu mchungaji.

Swali lenyewe ni hili: NANI ANAKAA KATIKA NYUMBA ILE?

Usijifanye hujui ninasema nyumba gani. Unaijua.

KILA MJI UNA NYUMBA YAKE

Iko pembeni kidogo ya barabara, nyuma ya migomba. Madirisha yamepigiliwa mbao. Bati lina kutu. Vumbi jekundu la kiangazi limepanda ukutani mpaka usawa wa kiuno, na hakuna anayelifuta. Mchana watoto wanaipita mbio. Usiku hata watu wazima wanazunguka njia ya juu. Ukiuliza kuna nini, utaambiwa: "We acha tu, pale pana mambo."

Mambo gani? Hapo ndipo hadithi zinapoanza. Eti usiku wa manane paa linalia kama mtu anatembea juu yake. Eti mgeni akilala mle ndani, siku si nyingi anaanguka homa. Eti bibi arusi aliyeletwa mle aliharibu mimba ya kwanza, na ya pili pia. Eti kuna ndege anayetua pale na kulia kama mtoto. Kila anayesimulia anaongeza chumvi kidogo. Na wewe unayesikiliza mwili unakusisimka na, tuseme kweli, unafurahia! Hadithi ya nyumba yenye mauzauza ni tamu, hasa usiku wa baridi ya Julai mkiwa mmezunguka moto na mahindi ya kuchoma.

Sikukatazi hadithi. Lakini angalia jambo moja. Hadithi hiyo haiishii kwenye nyumba. Inaanza na swali "Pale pana NINI?" Baada ya muda, bila mtu yeyote kugundua, swali linageuka. Sasa watu wanauliza "Ni NANI?" Nani anayeyafanya hayo?

Na jibu unalijua hata kabla halijatamkwa. Ni yule bibi. Mjane, mzee, hana mtoto wa kiume wa kumtetea. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Anaongea peke yake kwa sababu hakuna mtu anayeongea naye. Basi, yeye ndiye.

Kijana, kutoka "nini" mpaka "nani" ni hatua ndogo sana ya ulimi. Lakini katika hatua hiyo watu wamekufa. Twende polepole.

KWANZA TUULIZE: NINI?

Paa linalia usiku. Kweli, linalia! Bati likipigwa na jua mchana kutwa linatanuka. Usiku ukiingia na ubaridi wa milima yetu, bati linanywea, nalo limefungwa kwa misumari. Linavuta, linaachia: ta! Kisha kimya. Kisha ta! tena, upande wa pili. Nyumba yenye watu ina kelele za sufuria na redio, hutasikia. Nyumba iliyo kimya inasikika yote. Na kama dari lina tundu, popo wamo. Na kama popo wamo au panya wamo, bundi atakuja, na bundi wa kwenye mapaa ana sauti ya kukwaruza inayoweza kumtoa jasho hata askari.

Hayo ni mepesi. Sasa tuje kwenye zito: homa na mimba.

Umewahi kusikia habari ya papasi? Waulize wazee. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, rangi yake kama udongo. Mchana anajificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na za ukuta. Usiku mtu akilala chini, anatoka, anamnyonya damu kwa muda mfupi, kisha anarudi kwenye ufa wake. Ukiamka humwoni. Baada ya siku kadhaa homa inakupiga: baridi, jasho, kichwa kinapasuka. Baada ya siku chache homa inakwisha, unamshukuru Mungu. Kumbe bado! Inarudi tena. Inakwisha, inarudi. Ndiyo maana inaitwa homa ya vipindi, au homa ya papasi.

Hebu sasa sikiliza mambo matatu juu ya mdudu huyu, halafu uikumbuke ile nyumba.

La kwanza: papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba inaweza kufungwa, watu wakahama, mtu akaja kulala mle baada ya muda mrefu, naye akakuta wenyeji wa ufani wanamngoja.

La pili: homa hii ni mbaya sana kwa mama mjamzito. Inaweza kuharibu mimba, na mtoto mchanga anaweza kufa kwayo.

La tatu, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie: anayeishi ndani ya nyumba hiyo miaka yote, akiumwa na papasi tangu utoto, mwili wake hupata kinga kiasi. Haanguki kama mgeni anavyoanguka.

Umeona? Mgeni analala, anaugua. Bibi arusi analala, anaharibu mimba. Bibi mwenye nyumba analala kila siku, haugui! Watu wanasema: "Mnaona? Yeye mbona haumwi? Ni yeye!" Kile kile wanachokiita ushahidi wa uchawi wake ni alama kwamba ameumwa na mdudu yule kuliko wote. Hatia yake yote ni kwamba ameishi mle.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Misafara ya zamani iliyopita nchi hii kuelekea Ujiji iliijua homa hiyo vizuri, maana wapagazi walilala kambi zile zile, vibanda vile vile. Ng'ambo ya ziwa letu, Kasongo katika Kongo, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa akiichunguza homa hiyo, akaipata mwenyewe, akafa nayo mwaka 1905 akiwa bado kijana. Alikufa akiuliza "nini?" Kwa sababu yake na wenzake, leo tone moja la damu yako kwenye kioo cha darubini linaweza kumwonyesha mganga wa hospitali kijidudu chenyewe, na dawa ipo.

Sisemi kila nyumba inayoogopwa ina papasi. Pengine ni malaria, maana bonde lenye maji liko karibu. Pengine ni kisima. Pengine ni moshi. Ninasema hivi: kuna swali linalopaswa kuulizwa kwanza, na sisi hatuliulizi.

MAHAME HAYANA SIRI

Na zile nyumba tupu za porini, ukuta umesimama, mwembe unazaa bila mwenyewe? Watu wanasema pana mizimu. Lakini uliza waliokaa pale walikwenda wapi!

Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Kibondo, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja, kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1972 watu wa mkoa huu walihamishwa tena, katika Operesheni Kigoma, kwenda vijiji vya ujamaa. Mara zote mbili nyumba zilibaki tupu na makaburi yakabaki bila wa kuyapalilia. Mtoto aliyezaliwa baadaye akapita pale akaogopa. Akaambiwa habari za mizimu. Hakuambiwa habari za mbung'o wala za operesheni. Mahali wazazi wanaponyamaza, hofu inajisimulia yenyewe.

"LAKINI KWA NINI MIMI?"

Labda utasema: "Sawa, mtumishi, umenielewesha habari ya mdudu. Lakini watoto wawili walilala mkeka mmoja. Mmoja akafa, mwingine akapona. Kwa nini huyu na si yule? Kwa nini mwanangu na si wa jirani?"

Ndugu yangu, hilo ni swali la haki, na sitakudanganya. Papasi anajibu "kwa vipi". Hajibu "kwa nini mimi". Daktari ana darubini, lakini hakuna darubini ya kuonyesha kwa nini mama huyu analia na yule anacheka. Na hapo hapo, penye pengo hilo, mpiga ramli anafungua duka lake. Yeye ana jibu! Ana jina la mtu! Na aliyefiwa, katika uchungu wake, anaona heri jina lolote kuliko kimya.

Usimcheke aliyefiwa. Ukimzika mwanao na wewe utatafuta pa kuutupa uchungu huo. Lakini uchungu wako haukupi haki ya kuutupa juu ya kichwa cha bibi wa watu.

Biblia, ambayo pengine unadhani ni kitabu cha wazee, ina habari ya nyumba iliyoua. Watoto wa Ayubu walikuwa wamekaa ndani wakila, upepo ukaipiga nyumba, ikawaangukia, wakafa wote. Marafiki zake wakaja. Siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na siku hizo saba walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa na kuanza kutafuta mwenye kosa, ndipo walipoharibu. Mwisho wa habari Mungu aliwakasirikia wao, waliokuwa na majibu. Hakumkasirikia Ayubu aliyekuwa na maswali.

Na siku moja Yesu aliwatajia watu habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Alijua walichokuwa wanafikiri: hao waliokufa lazima walikuwa na kosa kubwa kuliko wengine. Alikataa kabisa! Hakuwapa jina la mtu. Aliwageuza wajitazame wenyewe.

Shika hili, kijana: kuna misiba isiyo na mshitakiwa. Mtu mzima ni yule anayeweza kukaa na aliyefiwa, akalia naye, bila kumtafutia mtu wa kumwua.

MURUFITI, OKTOBA 2014

Sasa nitasema jambo ambalo wengine mnalijua, maana ni hapa hapa.

Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, umati uliwavamia watu walioshukiwa kuwa wachawi. Watu saba waliuawa. Walishambuliwa, wakachomwa moto. Watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Polisi walikamata watu 23.

Saba, kijana! Hesabu kwa vidole. Watu waliokuwa wamelima, wamezaa, wamebeba wajukuu mgongoni.

Wala si Murufiti peke yake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilieleza kwamba katika Tanzania watu wapatao 3,000 waliuawa kati ya mwaka 2005 na 2011 kwa kushukiwa uchawi. Watu 3,000 ni shule nzima, tena shule kubwa, mpaka uwanja wa paredi unajaa. Na wengi wao ni bibi zetu.

Nikuulize. Je, mauaji ya namna hii huanza siku ile umati unapokusanyika? La! Yanaanza zamani. Yanaanza kijiweni, kwa kicheko. Mmoja anasema "pale pana mambo". Mwingine anasema "nasikia ni bibi". Wa tatu anatupa jiwe juu ya bati ili aone kama "kitu" kitatoka. Bibi anatoka, anafoka, na watoto wanakimbia wakipiga kelele: "Mchawi! Mchawi!" Watu wazima wanasikia na hawakemei. Miaka inapita. Kisha mtoto wa jirani anakufa, na jina liko tayari, limeshaiva, linangoja kuchumwa tu.

Labda wewe mwenyewe umewahi kulitupa jiwe hilo. Ulikuwa na miaka kumi, ilikuwa mchezo. Usiniambie mimi. Jiambie mwenyewe.

Na zamani habari kama hiyo ilitembea kwa miguu, ikachoka njiani. Leo inatembea kwa simu, haichoki. Unaituma ukicheka, mwenzako anaipokea akiwa na panga mkononi.

"KWA HIYO UNAKATAA KWAMBA UCHAWI UPO?"

Najua ulikuwa unalingoja swali hili. Haya, tulijibu uso kwa uso.

Sikatai kwamba shetani yupo. Sikatai kwamba kuna uovu mkubwa kuliko mwanadamu. Sikatai hata kwamba kuna watu wenye nia mbaya wanaotembea usiku na vibuyu vyao. Lakini kama unasema shetani yupo, basi mjue kwa alama zake! Ukitaka kujua fisi amepita wapi, huangalii nani ana macho mekundu, unaangalia nyayo.

Alama za shetani ni zipi? Kila mhubiri atakuambia: ni mwongo, ni mshitaki, ni mwuaji. Hayo matatu. Basi tazama nyayo. Penye neno lisilothibitishwa linalopita mdomo kwa mdomo, kuna uongo. Penye watu wanaomnyoshea kidole asiyeweza kujitetea, kuna mashitaka. Penye moto na panga, kuna mauaji.

Sasa niambie: katika habari ya Murufiti, nyayo hizo zinaelekea wapi? Zinaingia katika nyumba za wale wazee saba, au zinatoka nje na kwenda kwenye umati?

Unaona jinsi tulivyodanganywa? Watu walitoka usiku kwenda kumtafuta shetani katika nyumba ya jirani, na njia nzima walikuwa wamemshika mkono!

Mtu anayeamini kwamba shetani yupo ana sababu kubwa kuliko wote ya kukataa kumshitaki mwenzake bila ushahidi. Kazi ya kushitaki imeshachukuliwa, na unajua nani ameichukua. Usiwe mdomo wake. Usiwe miguu yake.

NYUMBA ILIYOFAGIWA IKAACHWA TUPU

"Basi," utasema, "tuwaite Kamchape, wasafishe kijiji, tuishi kwa amani bila kuua mtu."

Wengi katika mkoa wa Kigoma wamefanya hivyo, hata katika miaka ya karibuni. Wanaitwa Kamchape, wengine wanawaita Lambalamba. Wanaingia nyumba hadi nyumba, wanachimba, wanatoa pembe na hirizi, watu wanashangilia. Familia ile iliyotolewa "vitu" haina tena uso wa kutazama majirani.

Lakini kuna jambo hawakuambii. Kazi hii ni ya zamani. Mchape ilianzia Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaenea nchi za jirani, ikafika mpaka Ufipa. Ikapita, ikarudi. Ikapita, ikarudi tena. Mtafiti aitwaye Roy Willis aliandika habari ya wimbi lililopita Ufipa miaka ya 1963 na 1964, akaonyesha kwamba halikuwa la kwanza. Kila mara waliahidi kwamba uchawi sasa umekwisha kabisa. Na kila mara, baada ya miaka, watu wale wale waliwaita tena.

Fikiri kidogo! Dawa ya kweli huirudii kila kizazi kana kwamba hukuwahi kuinywa. Kama wachawi walimalizwa, mbona hofu ilirudi?

Yesu alitoa mfano wa nyumba. Pepo alimtoka mtu, akazunguka akikosa pa kupumzika, akarudi, akaikuta nyumba yake imefagiwa, imepambwa, lakini ni tupu. Akaenda akachukua wenzake saba wabaya kuliko yeye, wakaingia wakakaa. Hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Hiyo ndiyo habari ya Kamchape yote. Wanafagia. Hawaweki kitu. Kijiji kinabaki na pembe chache zimetolewa, lakini wivu umo, kijicho kimo, chuki ya shamba la urithi imo, mke mwenza hasemi na mwenzake, ndugu wawili hawasalimiani. Nyumba imefagiwa, ni tupu, mlango uko wazi. Hofu inarudi na wenzake saba.

Kwa hiyo ile nyumba yenye mauzauza haiko nyuma ya migomba. Unatembea nayo. Iko kifuani mwako. Paa linalolia usiku ni dhamiri yako. Kitu kinachotembea gizani ni ile chuki uliyoifungia ndani ukapigilia mbao madirishani, ukidhani hakuna anayeisikia.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Sitakuacha na maneno matupu. Chukua haya manne.

1. Ukisikia hadithi ya nyumba ile, iishie kwako. Usiipeleke mbele, wala kwa mdomo wala kwa simu. Msimulizi akifika kwenye jina la mtu, mwambie: "Hapo bwana simama. Umeona kwa macho yako?" Utashangaa watakavyonyamaza.

2. Mtu akiugua, uliza NINI kabla ya kuuliza NANI. Mpeleke hospitali, apimwe damu. Nyumba ikiwa na nyufa, zibeni. Sakafu ya udongo isiribeni. Mlalieni kitanda, si mkeka chini, na chandarua kiwepo. Kijana mmoja mwenye ndoo ya udongo na mikono miwili anaweza kuondoa "uchawi" wa nyumba nzima kwa siku moja.

3. Ukiona umati unaanza kujikusanya, usiende hata "kuangalia tu". Umati hauna ubongo, una miguu, na mara nyingi miguu hiyo ni ya vijana kama wewe. Bila wewe hauendi popote. Mpelekee habari mwenyekiti, ofisa mtendaji au polisi mapema, kabla ya giza. Wakikuita mwoga, kubali jina hilo. Ni rahisi kulibeba kuliko jina la mwuaji.

4. La nne ndilo gumu. Nenda kwenye nyumba ile. Usiende usiku, nenda mchana. Usiende na jiwe, nenda na dumu la maji. Simama mlangoni, piga hodi kama alivyokufundisha mama yako. Sema: "Shikamoo bibi."

Labda hatajibu mara moja. Miaka mingi hajasikia mtu akibisha hodi pale bila kumtukana. Ngoja. Atakapojibu "Marahaba, mjukuu wangu", utakuwa umeijua siri ya nyumba ile, siri ambayo mji mzima umeikosa.

USIKU WA LEO

Tulianza na swali: nani anakaa katika nyumba ile?

Anakaa bibi. Ana njaa, ana baridi, na anakuogopa wewe kuliko wewe unavyomwogopa yeye. Wewe usiku unasikia bati likilia, unavuta blanketi. Yeye anasikia nyayo zenu njiani, anahesabu ni wangapi, na anaomba mpite.

Na katika nyumba yako wewe, ile ya kifuani, nani anakaa? Hilo hakuna atakayekujibia. Lakini usiku wa leo, mkutano ukiisha na taa zikizimwa, ukiwa unarudi peke yako kwenye ile njia ya vumbi, unaweza kulijibu. Kama hujui pa kuanzia, sema maneno haya machache, si lazima kwa sauti:

Ee Mungu, nimemwogopa mtu ambaye hakunitenda neno. Nimecheka alipotukanwa. Nimelipitisha jina lake. Nisamehe. Ingia katika nyumba hii ya moyo wangu, usiifagie tu ukaondoka, bali kaa. Na kesho unipe ujasiri wa kubisha hodi. Amina.

Kisha kesho, kijana, usisahau lile dumu la maji.

Ukimaliza kuisoma karatasi hii, usiichane. Mpe mwenzako aliye kijiweni.